Kuingiza Gari Dogo la Michezo Katika Banda Jembamba la Nyumbani

Nyumba nyingi za Sinza, Kijitonyama na Mwananyamala zimejengwa kwenye viwanja vidogo, na mahali pa gari huwa ni ile nafasi iliyobaki baada ya vyumba, karo na tangi la maji kupata sehemu zao. Banda langu lina upana wa mita 2.40 kutoka plasta hadi plasta, mlango wake una mita 2.10, na kila usiku hulala humo Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, gari la viti viwili lenye paa la kitambaa. (Nasema banda kwa sababu ukitaja gereji hapa Dar es Salaam watu wanafikiria kwa fundi.) Wanaopita huniuliza kama kweli gari linaingia. Linaingia bila shida. Jambo gumu ni dereva kutoka akiwa ndani ya banda, na karibu kila ninachoeleza hapa kinatokana na ugumu huo.

Anza na vipimo, na usiviamini vya kwenye karatasi pekee. MX-5 ya kizazi cha nne ina urefu wa mita 3.915 na upana wa mita 1.735, wakati ile ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1989, ni nyembamba zaidi, mita 1.675. Toyota 86 ina upana wa mita 1.775. Daihatsu Copen ya mwaka 2002 ina mita 1.475 tu, kwa kuwa Japani huweka ukomo wa mita 1.48 kwa magari ya daraja lake dogo kabisa, yaitwayo kei, na mwenye banda la futi saba ingefaa aifikirie hiyo kabla ya nyingine zote. Takwimu hizi, hata hivyo, hazihesabu vioo vya pembeni. Vioo vya gari langu vikiwa wazi, upana wake unakaribia mita 1.92, maana yake ni kwamba katika mlango wa mita 2.10 kila upande hubaki na sentimita tisa, yaani kiganja cha mkono na si zaidi.

Upande wa banda nao una udanganyifu wake. Ramani nyingi huandika kipimo cha tofali kwa tofali, kisha plasta inakula sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila ukuta, na nguzo ya zege iliyojitokeza kidogo kwenye kona inakula nyingine. Pima kwa futi kamba sehemu tatu, mlangoni, katikati na mwisho, na kila sehemu upime karibu na sakafu, kimo cha kioo cha gari na kimo cha bega lako, halafu ushike kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Mimi nililipia uzembe huu. Mlango wangu ulikusudiwa uwe na mita 2.20, lakini fundi wa kuchomelea alipachika fremu ya bomba la mraba la inchi mbili ndani ya uwazi badala ya kuifunga usoni mwa ukuta, na sentimita kumi zikapotea siku moja. Kioo changu cha kushoto kilipasuka wiki ileile. Ukiagiza geti, mwambie fundi kipimo unachotaka kibaki baada ya fremu, na umwandikie.

Sasa mlango wa gari wenyewe. Gari la milango miwili lina milango mirefu kuliko ile ya gari la familia, kwa sababu mlango mmoja unafanya kazi ya watu wa mbele pamoja na kurahisisha kufikia nyuma ya kiti. Mlango wa urefu wa mita 1.2 ukifunguliwa nyuzi 30, ncha yake inasogea sentimita 60 kutoka kwenye gari. Ukifunguliwa nyuzi 25, sentimita 50. Hakuna haja ya kukisia unahitaji kiasi gani. Simamisha gari uwanjani, mwombe mtu ashike ubao wima kando ya mlango wa dereva, aanze na sentimita 70 na asogee sentimita tano tano, nawe utoke na kuingia kila mara mpaka ufike pale ambapo unalazimika kushika paa kujivuta. Kipimo changu ni sentimita 52. Mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kujikunja, anahitaji zaidi ya 70, kwa hiyo yeye hushuka nje ya geti kabla gari halijaingizwa, na nampa mkono kwa sababu kiti cha gari hili kiko chini sana. Fanya jaribio hili kabla ya kulipia gari, hata kama ni pale pale kwenye yadi ya muuzaji.

Baada ya hapo hesabu inajieleza. Mita 2.40 ukitoa 1.735 hubaki sentimita 66 na nusu. Ukiliegesha gari katikati, kila upande unapata sentimita 33, na hakuna mtu mzima anayetoka kwenye sentimita 33. Kwa hiyo usiegeshe katikati. Usukani wa magari yetu uko kulia. Basi upande wa kushoto uupeleke ukutani mpaka zibaki sentimita kumi, na upande wa dereva utapata 56. Kioo cha kushoto lazima kikunjwe, na abiria lazima ashuke nje. Wengi hawapendi kukaribia ukuta kiasi hicho, nami naelewa woga huo, lakini kugawa nafasi sawa kwa sawa hapa ni kunyima pande zote mbili.

Ukuta upi? Inategemea unaingia vipi. Ukiingia kwa mbele, mlango wa dereva unatazama ukuta wa kulia wa mtu aliyesimama barabarani akiangalia ndani. Ukiingia kwa rivasi, unatazama ule wa kushoto. Angalia mlango wa kuingilia nyumbani uko upande gani na nguzo iko wapi, maana wakati mwingine kugeuza gari tu kunakupa njia ya kupita hadi jikoni bila kuvunja tofali hata moja.

Ushauri wangu ni rivasi, isipokuwa nyumba yako ikikataa kabisa. Matairi yanayogeuka ni ya mbele. Ukiingia kwa mbele huku ukikata kona, tairi la nyuma la upande wa ndani halifuati njia ya lile la mbele. Linakata kona kwa ndani, na usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho tofauti hiyo huzidi nusu mita, ndiyo maana nguzo nyingi za mageti zimechubuka mahali ambapo ubavu wa nyuma hupita. Ukiingia kwa rivasi, sehemu isiyogeuka inatangulia kwenye uwazi mwembamba, na ile inayogeuka inabaki nje penye nafasi, ambako unaweza kurekebisha. Tena asubuhi, wakati bodaboda na bajaji zinapita mfululizo, unatoka ukiwa unaziona.

Pita barabara kwa namna ambayo banda litakuwa kulia kwako, hata ikibidi uende mwisho wa mtaa na kurudi. Kwanza, unaiona nguzo ya ndani ya kona moja kwa moja kupitia dirisha lako badala ya kuitafuta kwenye kioo cha mbali. Pili, upana wote wa barabara unakuwa nafasi yako ya kunyoosha gari. Kaa katikati ya barabara, si pembeni kabisa kushoto, kwa kuwa ukikata usukani kulia ukiwa kwenye rivasi, pua ya gari itaelekea kushoto, na mitaa yetu mingi ina mtaro usiofunikwa upande huo. Rudi polepole kwa klachi bila kukanyaga mafuta. Lengo ni gari liwe limenyooka kabla matairi ya nyuma hayajavuka kizingiti. Likiwa limepinda, usijaribu kulinyoosha ndani. Toka mbele mita mbili, rekebisha, urudi tena. Mimi huhitaji mara mbili, na siku nikiwa nimechoka mara tatu, na sioni aibu yoyote.

Awali utahitaji mtu wa kukuongoza, na mtaani hawakosekani, kabla hujaweka gia ya nyuma, kijana ameshasimama anaimba, “Njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, njoo!” Mshukuru, kisha mpatane kwanza. Mwambie asimame nyuma upande wa kushoto ambako wewe huoni, asisimame kamwe kati ya gari na ukuta, na neno la kusimamisha liwe moja tu. “Kulia” ya nani, yake au yako, nalo mlimalize kabla gari halijasogea.

Baada ya wiki mbili au tatu alama zitachukua nafasi ya kijana huyo. Siku ambayo gari limekaa vizuri kabisa, chora kwa chaki ukingo wa nje wa tairi la kulia la nyuma na la mbele, toa gari, unganisha chaki kwa uzi, na upake rangi nyeupe ya barabarani mstari wa upana wa vidole viwili, uendelee nje ya mlango kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mstari huu unauona kwenye kioo cha kulia ukikishusha kidogo. Kwenye ukuta wa mwisho bandika ukanda wima wa tepu ya kung'aa kama ile ya malori, ulingane na katikati ya dirisha la nyuma. Taa ya rivasi ikiipiga inawaka hata umeme ukiwa umekatika. Kwenye ukuta wa kushoto, kimo cha mahali panapovimba zaidi kwenye ubavu wa gari, nilifunga vipande vya tairi kuukuu, vya aina ile wanayotumia washona makatambuga. Kumbuka unene wake nao unakula nafasi. Vyangu vina sentimita moja na nusu. Sifongo la godoro ni laini zaidi lakini hunyonya unyevu na kuoza ndani ya masika moja.

Mwisho wa safari weka kizuizi cha mbao nyuma ya matairi ya nyuma, kifungwe sakafuni kwa boliti. Kisizidi kimo cha sentimita nane, kwa kuwa gari hili liko chini na kizuizi kirefu kitavunja bampa kabla tairi halijakigusa. Acha angalau sentimita 60 kati ya bampa na ukuta ili buti lifunguke nawe ukiwa umesimama.

Kuna jambo la kizingiti ambalo wenye magari yaliyoinuka juu hawalijui. Nyumba nyingi za Dar es Salaam huwekewa tuta la saruji mlangoni ili maji ya mvua yasiingie. MX-5 ina takriban sentimita 13 na nusu tu chini ya tumbo lake, na tuta lenye mgongo mkali hukwaruza sakafu ya gari katikati, baada ya matairi yanayotangulia kuvuka salama. Livunje. Mahali pake chimba mtaro mwembamba unaokatiza mlango, uufunike kwa wavu wa nondo, na uuelekeze kwenye mtaro wa nje. Maji yanakamatwa na gari linapita tambarare. Ikiwa huwezi kulivunja, lilaze kwa mteremko wa angalau mita moja kila upande.

Geti la kufungukia ndani huondoa sentimita kadhaa kila upande kwa unene wa mbao zake na bawaba. Shata la kukunjwa juu ndilo bora kwa gari la namna hii. Boksi lake hushusha linta, lakini gari lenye kimo cha mita 1.23 halina haja ya juu. Nafasi hiyo ya juu ndiyo utajiri wako: shelfu za vifaa zikae juu ya boneti kuanzia mita 1.5, na sakafu iachwe tupu kabisa. Juu ya paa la kitambaa usiweke kitu chochote chenye ncha. Mtungi wa gesi utafutiwe mahali pengine.

Wapo wanaotengeneza vigari vya chuma vya kuwekwa chini ya kila tairi ili kulisukuma gari kando hadi ukutani. Vinafanya kazi, na gari lenye uzito wa takriban kilo 1,000 watu wawili wanalisogeza. Sharti ni sakafu laini isiyo na mteremko, na mabanda yetu karibu yote yameinamishwa kuelekea mlangoni ili maji ya kufulia yatoke. Gari lililo juu ya vigari halina hendibreki inayolisaidia. Pima kwa pima maji ya fundi; ukiona mteremko, achana navyo.

Mwisho ni hewa. Katika sentimita kumi za upande wa ukutani unyevu hukaa, na kwa wakazi wa Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni upepo wa chumvi huongeza kutu. Toboa ukuta uweke matofali ya matundu chini na juu, na usifunike gari kwa turubai la nailoni, ambalo huotesha ukungu kwenye paa la kitambaa. Injini isiungurume mlango ukiwa umefungwa hata kwa dakika moja, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na banda dogo hujaa haraka. Mimi huzima mara tairi linapogusa mbao, hukunja kioo cha kushoto kama nilikisahau, natoka kwa mguu wa kulia huku nimeshika ncha ya mlango isigonge ukuta, na shata huliacha wazi robo saa mpaka boneti ipoe.