Mwenyeji wako Marekani ana bastola garini? Soma hii kabla hujapanda ndege

Wabongo tunadhani Marekani ni kujibebea tu, kumbe kila jimbo na sheria yake, sio kama huku unatoka Dar mpaka Mbeya sheria ileile. We mwenye viza ya matembezi usiguse kabisa, sheria ya nchi nzima inakukataza bunduki na hata risasi, labda uwe na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinkadi ni habari nyingine.

Sasa tuseme kaka yako yuko Texas, kule tangu 2021 mtu wa miaka 21 asiye na makosa anabeba hata bila kibali, halafu anataka mwende New York kwa gari. Kibali cha Texas kule hakitambuliki, New Jersey nako hivyohivyo, na askari hana muda wa maelezo yenu. Kuna sheria ya 1986 ya kumlinda anayepita njia: bastola iwe haina risasi, ikae kwenye buti, mkono usiifikie. Gari halina buti? Kisanduku chenye kufuli, ila droo ya dashibodi haihesabiki hata uifunge. Na lazima unakotoka na unakofikia iwe halali kwako kuibeba, so kama mwisho wa safari ni New York yenyewe na hana leseni ya huko, aiache nyumbani. Kujaza mafuta sawa, ila kulala kwa shemeji New Jersey siku mbili tatu hapo mnajitafutia kesi.

Kwa ndege anaitangaza kaunta, haina risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, inaenda na mizigo ya chini.