Kufuatilia NRL ukiwa Dodoma: mwongozo wa anaeanza sifuri

Mtu ukimwambia unafuatilia ligi ya Australia anakuonea huruma, anajua unakesha. Kumbe wala. Mechi karibu zote kwetu zinachezwa mchana kweupe, inaisha watu ndo kwanza wanatafuta chakula cha mchana na Yanga hawajafika hata uwanjani. Naongelea NRL, raga ya watu 13, timu 17, yaani 16 za miji ya Australia na moja ni Warriors wa Auckland kule New Zealand, sio ile raga ya watu 15 yenye kombe la dunia linalojulikana zaidi. Hapa Dodoma tunaoifuata hatujai hata Coaster, ukiingia kibanda umiza Chang'ombe ukaomba wakuwekee Canberra na Penrith watakutizama tu, kwahiyo nachukulia unaangalia kwa simu yako na hujui chochote.

Tuanze na saa maana hapo ndo wengi wanapotea. Sydney wako mbele yetu masaa 7 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Aprili mpaka mwanzoni mwa Oktoba, na masaa 8 mwezi Machi kwasababu majira yao ya joto wanasogeza saa mbele. Sasa usihangaike kuhesabu vidole, sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo wengine hawana: chukua saa ya Sydney ilivyoandikwa kwenye ratiba, toa moja, unayopata ndo saa yetu ya Kiswahili. Ratiba imesema Ijumaa 8:00 usiku, toa moja, saa 7 mchana, basi. Ile ya Ijumaa 6:00 jioni ni saa 5 asubuhi. Alhamisi 7:50 ni saa 6 na dakika 50. Jumamosi kawaida zinakuwa tatu, ya 3:00 kwetu ni saa 2 asubuhi, ya 5:30 ni saa 4 na nusu, ya 7:35 ni saa 6 na dakika 35, na Jumapili kuna ya 2:00 ambayo ni saa 1 asubuhi hujapiga hata mswaki na ya 4:05 ambayo ni saa 3 na dakika 5. Machi unatoa mbili badala ya moja. Brisbane hawasogezi saa kabisa, kwahiyo ukikuta ratiba imeandikwa kwa saa za Brisbane toa moja mwaka mzima, na ikiwa imeandikwa kwa saa za Auckland toa tatu, Machi toa nne.

Utaona mwenyewe shida iko wapi. Mechi kubwa ya Ijumaa inagongana na swala ya Ijumaa, za Jumapili zinagongana na misa, na ya Alhamisi inakukuta ofisini Mtumba. Usilazimishe, angalia marudio, ila sasa uwe na nidhamu ya kuzima notifikesheni zote kuanzia asubuhi maana matokeo yatakufikia kabla hujafika nyumbani. Kuna app inaitwa Watch NRL, ndo ya rasmi kwa tulioko nje ya Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki, ni ya kulipia na unahitaji kadi, ya benki au ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu. Kama hutaki kulipa kwanza, chaneli ya NRL ya YouTube wanaweka vipande vya mechi na kwa mtu anaejifunza vinatosha kabisa kwa mwezi mzima. Bando likiwa dogo shusha ubora wa picha, raga sio kama tenisi, mpira unauona tu hata picha ikiwa mbovu.

Timu. Hapa nina upendeleo na siufichi: mtu wa Dodoma ashabikie Canberra Raiders. Canberra ni makao makuu ya Australia, iko bara, ilijengwa makusudi kwasababu Sydney na Melbourne walikuwa wanagombania, eneo likachaguliwa 1908 na bunge likahamia 1927, na mpaka leo watu wa Sydney wanaicheka eti mji wa watumishi hauna kitu. Sasa sisi ambao tangu 1973 tunaambiwa Dodoma ni vumbi tu na wenye nyumba Dar kila Ijumaa wanakimbilia SGR, tushabikie nani mwingine? Raiders wanavaa kijani, waliingia ligi 1982, wamechukua ubingwa 1989, 1990 na 1994, na kabla ya mechi nyumbani kwao wanapuliza baragumu halafu uwanja mzima unapiga makofi kwa pamoja, taratibu kisha haraka haraka. Ubingwa mwingine hamna tangu hapo, nakwambia mapema usije kunilaumu.

Kama hutaki kuteseka, chagua nyingine. Sydney peke yake na vitongoji vyake ina timu tisa: Roosters, South Sydney Rabbitohs, Bulldogs, Parramatta Eels, Penrith Panthers, Wests Tigers, Manly, Cronulla Sharks na St George Illawarra Dragons ambao nusu ni wa Wollongong. Nje ya hapo kuna Newcastle Knights, Melbourne Storm, Brisbane Broncos, Dolphins nao wa Brisbane walioingia 2023, Gold Coast Titans, North Queensland Cowboys wa Townsville, Warriors na Canberra. Unataka timu yenye historia, chukua South Sydney, wapo tangu ligi ya Sydney ilipoanza 1908, wana mataji 21 ambayo hamna aliyewafikia, walitolewa kwenye ligi mwishoni mwa 1999 mashabiki wakaandamana, wakaenda mahakamani, wakarudi 2002. Unataka washindi wa karibuni, Penrith walichukua mfululizo 2021, 2022, 2023 na 2024, Broncos wakachukua 2025 kwa kuwafunga Melbourne 26-22. Na kitu kimoja mtu wa mpira wa miguu lazima akizoee: hamna kushuka daraja. Wa mwisho anapewa jina la kijiko cha mbao, anachekwa mwaka mzima, halafu Machi anaanza upya na wenzake kama hamna kilichotokea. Kwa sisi tuliozoea kuona Dodoma Jiji wanapiga hesabu za kubaki ligi kuu inakera kidogo.

Sheria usizisome, zitizame. Kitu kimoja tu ndo uwe nacho kichwani, namba 6. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara 6. Kila ukikabwa unaangushwa, unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota mnaendelea, na wanaokaba lazima warudi mita 10. Ikifika mara ya 6 hujafunga mpira unakwenda kwa wapinzani, ndo maana utaona wakishakabwa mara ya 5 mtu anaupiga mbali. Kwahiyo hesabu kwa sauti kama mtoto, moja, mbili, tatu, baada ya mechi tatu nne kichwa kinahesabu chenyewe. Wapinzani wakifanya makosa fulani mwamuzi anazungusha mkono juu, maana yake hesabu inaanza sifuri, na hiyo ishara ina historia chungu kwetu wa kijani: fainali ya 2019 na Roosters mwamuzi aliionyesha, kisha uamuzi ukabadilishwa mchezo ukiendelea, mchezaji wetu akakabwa na mpira akijua hesabu imeanza upya, mpira ukapotea, Roosters wakaenda kufunga wakashinda 14-8. Mpaka leo ukitaja hiyo mechi Canberra unaharibu kikao.

Pointi ni rahisi. Kuuweka mpira chini nyuma ya mstari, yaani trai, ni 4, kick ya nyongeza baada yake ni 2, penalti ya kupiga golini ni 2, na kuupiga golini mchezo ukiendelea ni 1, isipokuwa ukipiga kutoka mbali zaidi ya mita 40 unapata 2. Pasi za mkono zinaenda nyuma au pembeni, mbele hapana. Dakika ni 80, nusu mbili za 40. Wakitoka sare kunaongezwa dakika 5 kila upande na anaeanza kufunga chochote kashinda, ikishindikana hata hapo wanagawana. Kuna na video ya kuamua kama VAR, tofauti ni kwamba nahodha anaweza kupinga uamuzi mwenyewe, akikosea anapoteza hiyo nafasi, kwahiyo huoni ule mzunguko wa watu kumi kumzonga refa. Hicho nakipenda kuliko vyote.

Namba za jezi zinasema mtu anacheza wapi, hii itakusaidia sana. Namba 1 anakaa nyuma kabisa, 2 na 5 ni mawinga wanaofunga matrai ya kuruka pembeni, 8 na 10 ni yale majitu ya kuparamia katikati. Ukiwa mgeni mfuate namba 9 na namba 7 tu kwa macho. 9 ndo anaeokota mpira karibu kila mtu akikabwa, na 7 ndo anaeongoza timu na kupiga mipira ya mwisho. Vikosi vinatangazwa Jumanne 4:00 jioni kwao, toa moja, saa 3 asubuhi unavikuta.

Sasa msimamo wa ligi, hapa ndo watu wanadanganyika. Msimu una raundi 27 ila kila timu inacheza mechi 24, raundi tatu inapumzika, na ikipumzika inapewa pointi 2 za bure sawasawa na ushindi. Sare ni 1. Kwahiyo katikati ya msimu unaweza kukuta timu iko ya 5 kumbe imeshakula mapumziko yote matatu, na ya 9 bado hajapumzika hata mara moja, nani yuko vizuri hapo? Kabla ya kubishana na mtu angalia kwanza nani kapumzika mara ngapi, ndo uangalie tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa maana wakilingana ndo inaamua.

Kitu kingine kinachovuruga msimamo ni Origin. Katikati ya msimu, kuanzia mwishoni mwa Mei hivi mpaka Julai, New South Wales na Queensland wanacheza mechi tatu, kila mtu anachezea alikotokea hata kama klabu yake iko jimbo lingine. Ilianza 1980. Kwa wenyewe ni kubwa kuliko ligi yenyewe, ndugu wa klabu moja wanapigana bega bila huruma halafu wiki inayofuata wanarudi kambi moja. Nyingi zinachezwa Jumatano na kwetu zinaangukia kama saa 7 na dakika 5 mchana, yaani muda wa chakula kwa mtumishi. Wiki hizo klabu zenye mastaa wengi zinacheza pungufu, Storm na Broncos na Penrith wanaweza kufungwa na timu ya kawaida kabisa, usiweke matokeo hayo moyoni.

Ligi ya kawaida inaisha mwanzoni mwa Septemba, nane bora wanaingia mtoano wa wiki nne. Wiki ya kwanza wa 1 anacheza na wa 4, wa 2 na wa 3, hao wakifungwa wanapewa nafasi nyingine. Wa 5 anacheza na wa 8, wa 6 na wa 7, hao wakifungwa kwaheri. Washindi wa juu wanapumzika wiki moja, wanasubiri nusu fainali. Faida ya kumaliza nne bora ni hiyo, lakini sio kinga: 2025 Canberra walimaliza wa kwanza, wakafungwa 29-28 na Broncos kwenye muda wa nyongeza, wiki iliyofuata wakatolewa na Sharks. Wa kwanza kwenye msimamo anapewa ngao, ubingwa ni wa fainali tu, kwahiyo ukisikia mtu wa Canberra anasema tulikuwa wa kwanza mwachie.

Fainali ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, uwanja wa Accor, Sydney, na hapa kuna mtego: usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo ndo Sydney wanasogeza saa. Kwahiyo mchezo wa 7:30 usiku hutoi moja, unatoa mbili, ni saa 5 na nusu asubuhi Dodoma. Ukichelewa lisaa limoja unakuta wako mapumziko. Agiza nyama mapema, hakikisha simu imejaa chaji maana umeme wa Jumapili hauaminiki, na ukiona wanatoa kombe lenye sanamu ya wanaume wawili wamekumbatiana wamejaa tope usishangae, ni Norm Provan na Arthur Summons walivyopigwa picha baada ya fainali ya 1963.

Baada ya hapo ni usajili, kuanzia tarehe 1 Novemba mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba anaruhusiwa kuongea na klabu nyingine, na mwezi huo huo huwa ratiba mpya inatoka. Ikitoka tafuta kwanza mechi za ufunguzi za Las Vegas, tangu 2024 wanafungulia msimu kule Marekani, hizo zikiandikwa kwa saa za kule kanuni ya kutoa, iwe moja au mbili, haifanyi kazi, na ndo pekee zitakazokutoa usingizini, zinaangukia usiku wa kuamkia Jumapili.