Kabla ya kumtoa mtoto shuleni umsomeshe nyumbani

Mzazi akinijia na wazo la kumsomesha mtoto nyumbani, mara nyingi huanza na ratiba: aamke saa ngapi, hisabati itangulie Kiingereza au ifuate, vitabu vinunuliwe wapi. Mimi humrudisha nyuma kwa swali asilolitarajia: mtoto huyu atafanyia mtihani wapi, na ni kituo gani kitakachomsajili? Ratiba mbovu unaweza kuibadilisha Jumatatu ijayo. Usajili wa mtihani ukikupita, umekupita mwaka mzima.

Hapa Kenya swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kuchukua nafasi ya 8-4-4. KCPE, ambayo ilipima kila kitu kwa siku chache mwishoni mwa Darasa la Nane, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa alama zinakusanywa njiani. Nafasi ya mtoto katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, inatokana na vipande vitatu: mtihani wa Gredi ya 9 uitwao KJSEA una asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 uitwao KPSEA asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 zilizosalia. Tathmini hizo za shuleni husimamiwa na mwalimu, kisha shule ndiyo inayozipakia kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani. Mama hawezi kuzipakia akiwa jikoni, hata awe mwalimu hodari namna gani.

Kwa hiyo ukitaka mwanao abaki kwenye mtaala wa Kenya, nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako kabla ya kwenda duka la vitabu. Uliza atasajiliwa wapi na kazi zake zitapokewa vipi, na majibu uyapate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu mmoja isikutoshe. Akihamishwa Januari, ahadi inahama naye.

Familia nyingine hukwepa shida hii kwa kuchagua mtaala wa Uingereza, wa Cambridge au Pearson Edexcel, ambao huruhusu watahiniwa wa kibinafsi, yaani wasio wanafunzi wa shule yoyote. British Council ni mojawapo ya wanaowasajili. Njia hiyo ina nafuu zake. Katika sayansi za IGCSE, mtihani wa sekondari wa Cambridge, kwa mfano, kuna karatasi ya maswali kuhusu majaribio ambayo hufanywa badala ya kuingia maabara, jambo linalomfaa sana mtoto asiye na maabara. Ila ada hulipwa kwa kila somo na si ndogo, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Tena KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi wa vyuo vikuu kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa hiyo mwenye cheti cha nje atatuma maombi chuoni mwenyewe. Afadhali mjue hayo akiwa na miaka kumi kuliko kumi na saba.

Halafu kuna sheria, ambayo wengi hawapendi kuigusa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa na Waziri. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sebule yako haikutajwa humo. Zipo familia zinazosomesha watoto nyumbani miaka na mikaka bila kusumbuliwa, lakini kutosumbuliwa si kibali, na tangu serikali ianze 2018 kampeni ya kuhakikisha kila anayemaliza msingi anaingia sekondari, machifu wamezoea kubisha hodi kuuliza watoto wako wapi. Ongea na wakili mapema. Pia weka faili tangu siku ya kwanza: tarehe, kilichofundishwa, daftari zilizosahihishwa, picha za miradi. Chifu akija, faili itaongea vizuri kuliko wewe uliyekasirika mlangoni.

Usijipe moyo kwa kusema, "Mbona wakati wa korona tuliweza?" Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, na KCPE ya 2020 ikasogezwa hadi Machi 2021. Nchi nzima ilisimama, mtihani ukawangoja watoto wote. Ukimtoa wako peke yake, hakuna atakayemngoja.

Sasa njoo kwa mtu atakayekaa naye. Mtoto wa Gredi ya 2 hahitaji kukalishwa mezani kutwa. Saa mbili au tatu za mtu mzima aliye kando yake zinatosha, mradi ziwe zake kweli. Hapo ndipo wengi hukwama. Saa tatu asubuhi simu inalia, mteja anagonga geti anataka mayai, mdogo wake ameamka analia, na unapomrudia mwanafunzi wako amechora gari pembeni mwa daftari lote. Kama nyote wawili mnaondoka alfajiri na kurudi jioni, ushauri wangu ni msianze. Kumwachia yaya kazi ya ualimu juu ya kupika na kufua ni kumwonea yeye na mtoto pia. Ukiamua kuajiri mwalimu, mwombe namba yake ya TSC, tume inayosajili walimu, umpe masomo mawili au matatu yanayokushinda, na masomo yafanyikie mahali penye watu, mlango ukiwa wazi. Asikasirike mtu kwa sharti hilo. Mwalimu mzuri atalielewa.

Kabla ya kununua kitabu hata kimoja, mpime. Chukua kitabu cha gredi aliyomaliza, si anayoingia. Mpe aya moja ya Kiswahili aisome kwa sauti, kisha funga kitabu umwambie akueleze kilichotokea. Wengi husoma kila neno bila kukwama, lakini ukimwuliza nani alimpeleka mbuzi sokoni anakukodolea macho. Kisha mwandikie 503 kutoa 267. Aliyeelewa atakopa kwenye mamia, apite kwenye sifuri, akupe 236. Asiyeelewa atakuletea 364, kwa sababu katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Jibu hilo la 364 lina faida kwako kuliko ripoti fomu nzima, maana limekuonyesha pa kuanzia. Ukianzia kazi ya Gredi ya 3 na mtoto ambaye ripoti inasema ni wa Gredi ya 5, hujamdhalilisha. Nyumbani hakuna wa kumcheka, labda kaka yake, naye mnyamazishe.

Miongozo ya mtaala ya kila gredi iko bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi inayotayarisha mitaala, na vitabu vilivyoidhinishwa vimeorodheshwa katika Orange Book. Andika maazimio ya kazi, yaani mpango wa utakachofundisha wiki kwa wiki, ya muhula mmoja tu. Ukiandika ya mwaka mzima, kufikia Machi utakuwa unayakimbiza maazimio huku mtoto umemwacha nyuma. Dawati jipya, ubao mweupe na kompyuta kibao vinaweza kungoja.

Kuhusu wenzake, nisiseme mengi. Madrasa, shule ya Jumapili, timu ya mtaani, binamu: chagua viwili na vipewe siku yake kwenye wiki, visibaki kuwa "tutaona". Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni kukubaliana na mwenzako na, kama mnaishi karibu naye, nyanya ya watoto. Nyanya asiyeafiki atamwambia mjukuu kila siku kwamba wenzake wanasoma, na mtoto atamwamini.

Wakati mzuri wa kuhama ni likizo ndefu ya Novemba na Desemba, kwa kuwa mwaka wa masomo unaanza Januari. Siku ya kumtoa, usiondoke shuleni kwa hasira hata kama hasira ndiyo iliyokufikisha hapo. Omba barua ya uhamisho, ripoti fomu zote, namba yake ya UPI, inayomtambulisha kwenye mfumo wa wizara ya elimu, na namba yake ya tathmini ya KNEC. Hakikisha jina lililo kwenye kumbukumbu za shule linalingana herufi kwa herufi na la cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kusahihisha jina baada ya kuondoka ni safari za ofisi hadi ofisi. Na kama kuna salio la karo, lilipe lote au muandikiane mtakavyolimaliza, kabla ya kuomba hiyo barua.