Vijiji vyeupe vya Andalucía kwa baiskeli: mambo ya kuweka sawa kabla hujaondoka

Kila anayeniuliza habari ya ile safari yangu na shemeji kwenye vijiji vyeupe vya Andalucía, vyeupe kwa chokaa ya kuta zake, anaanza na baiskeli, ya aina gani, ina gia ngapi, tairi pana au nyembamba, na mi namjibu anza na saa kwanza. Sio utani. Kule vijijini kusini mwa Hispania, upande wa Olvera, Setenil, Zahara mpaka Grazalema na Ronda, kitakachokutesa sio lugha, na mlima nao utauzoea, ni kufika mahali saa tisa mchana umekauka koo na njaa inauma halafu unakuta kijiji kizima kimefungwa, shata zimeshushwa, barabarani hata paka hayupo. Maduka madogo yanafunga kama saa nane mchana na kufungua tena saa kumi na moja au na nusu, Jumamosi mchana mengi hayarudi tena, na Jumapili ndo usahau kabisa. Sisi tulijua hayo kwa kusoma tu, kichwani hayakuingia, mpaka Jumapili moja tumekaa kwenye ngazi za kanisa mi nikamuuliza shemeji tuna ndizi ngapi, akafungua begi akachungulia akafunga tena, akasema "Moja shem, na imeshapondeka." Tukaigawana hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla hujaondoka chora siku yako kwa saa za kule, sio kwa kilomita. Kumbuka pia jua lao halifuati saa tunazozijua sisi. Kwetu huku jua la utosi ni saa sita, au karibu na hapo. Hispania iko magharibi kabisa lakini tangu 1940 inatumia saa za Ulaya ya kati, na kiangazi wanasogeza mbele saa moja nyingine, sasa matokeo yake jua la utosi Olvera mwezi wa saba linafika karibu saa nane na nusu, na joto lenyewe linapanda mpaka saa kumi na moja, kumi na mbili jioni. Yule anayesema atapumzika mchana aondoke saa kumi joto likishatulia, anaondoka ndo kwanza jiko linawashwa. Dawa ni asubuhi. Saa moja kunapambazuka uwe tayari kwenye pedeli, saa saba mchana uwe umeshafika unaoga.

Na kama una uhuru wa kuchagua mwezi, mwezi wa saba na wa nane achana nao, nyuzi 40 ni kitu cha kawaida kwenye mabonde. Aprili na Mei kunapendeza, kijani kila mahali, au mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Ila Aprili ina mawili. Wiki ya kuelekea Pasaka watu wote wako kwenye maandamano ya kidini na vyumba vinajaa mapema sana, halafu kuna mvua, maana Grazalema ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania, mawingu ya Atlantiki yanakuja yanagonga ile milima yanashusha mzigo wote hapo. Koti la mvua beba, hata kama siku unayofungasha jua linachoma.

Sasa gia. Vijiji vingi vya kule viko juu ya kilima na juu ya kijiji kuna ngome, na sababu ni vita. Zaidi ya miaka mia mbili hapo ndo palikuwa mpaka kati ya ufalme wa Waislamu wa Granada na Wakristo wa Castilla, ndo maana utakutana na majina kama Arcos de la Frontera, Jerez de la Frontera, "frontera" ni mpaka. Olvera ilichukuliwa na Wakristo 1327, Zahara watu wa Granada wakaja kuirudisha 1481, hiyo ikawasha vita vilivyoisha kwa Granada yenyewe kuanguka 1492. Kwako wewe mwenye baiskeli maana yake ni moja, kila siku inaisha kwa kupanda, mita mia chache za mwisho zenye mwinuko wa kijinga, umechoka, na mabegi juu ya keria. Aliyejenga pale alitaka mtu asipande kirahisi na kazi yake aliifanya vizuri. Chukua baiskeli yenye gia nyepesi kabisa mbele na nyuma, gia za mbio hazikusaidii. Na usione aibu kusukuma, wazee waliokaa kwenye benchi pale juu wameona wengi. Wasalimie, "buenas" inatosha saa yoyote, kule ukiingia baa au duka bila salamu unaonekana huna adabu, hilo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Kama miguu haijawa tayari anza na Vía Verde de la Sierra, kutoka Puerto Serrano mpaka Olvera, kilomita 36. Ni reli iliyochongwa miaka ya 1920 na treni haikupita hata siku moja, pesa na nia viliisha, wakabaki na madaraja na matundu ya milimani, baadaye wakaigeuza njia ya baiskeli na ya miguu. Kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya treni mwinuko wake ni wa taratibu. Ina mahandaki 30, refu lake linakaribia kilomita moja, na hapo ndo naomba unisikilize vizuri: beba taa ya mbele ya kweli, sio kile kitaa cha kuonekana tu. Baadhi ya mahandaki yana taa za umeme lakini usizitegemee, sisi moja ilituzimikia tukiwa katikati, giza la kaburi, maji yanadondoka mgongoni, nikashuka nikaenda napapasa ukuta mpaka shemeji akakumbuka tochi ya simu. Ukitoka upande wa pili macho yanauma kwa mwanga, halafu angalia juu kwenye mwamba wa Zaframagón, tumbusi wanazunguka kwa makumi, wakubwa kweli kweli. Chakula cha njiani usikitegemee sana huko katikati, stesheni chache tu ndo zimegeuzwa kuwa mghahawa.

Kisheria mambo ni machache. Nje ya mji helmeti ni lazima. Usiku unatakiwa taa mbele na nyuma na fulana ya riflekta. Gari inayokupita iachie mita moja na nusu, na mi kusema kweli madereva wa kule walituheshimu kuliko nilivyozoea. Kipimo cha pombe kinamhusu na mwendesha baiskeli, kwa hiyo ile bia ya mchana iangalie. Kupiga hema popote porini hairuhusiwi, na moto kiangazi usiuwashe kabisa. Dharura ni 112.

Pancha. Mbigiri unazijua? Zile zile zilizokuchoma utotoni ukicheza peku, kule zipo pia, pembeni ya barabara za vumbi, na zina hamu ya tyubu kuliko miguu. Tyubu mbili za akiba kwa kila mtu, viraka, solusheni, pampu, alenki, brekipedi za akiba kwa sababu miteremko ya kule inazila, na kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma maana kila baiskeli ina cha kwake na fundi wa kijijini hawezi kuwa nacho, kama kijiji kina fundi. Tairi iwe pana kidogo, ndani ya vijiji ni mawe, yakilowa yanateleza kama sabuni.

Maji, chupa mbili kubwa. Kila kijiji kina bomba la uwanjani, soma kibao, "potable" unakunywa, "no potable" unanawa uso. Pesa taslimu kidogo iwepo mfukoni, kuna vijiji vya kuitafuta mashine ya pesa mpaka uchoke.

Kwa sisi tusiokula nguruwe hapa ndo pa kujipanga haswa, maana haji peke yake kwenye sahani, anajificha. Dengu zinapikwa na chorizo, soseji ya nguruwe, salmorejo, ile supu nzito ya nyanya, inaletwa nzuri baridi halafu juu wamenyunyiza jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, na asubuhi baa wanaweza kukupakia mkate mafuta mekundu mazuri kwa macho, yanaitwa manteca colorada, mafuta ya nguruwe hayo. Ukisema hutaki nyama unaweza kuletewa jamón vilevile, kwa mawazo ya wengi hiyo sio nyama. Uliza moja kwa moja, "¿lleva cerdo?", yaani ina nguruwe? Kifungua kinywa salama ni mkate wa kuchoma na nyanya na aceite, mafuta ya zeituni, neno lenyewe la Kiarabu na zeituni zenyewe wanaziita aceitunas, nikajiona niko nyumbani kidogo. Jibini la mbuzi la Grazalema, payoyo, beba kipande kwenye begi, linavumilia. Chakula cha mchana jikoni ni saa nane mpaka saa kumi, cha usiku kabla ya saa mbili na nusu hupati kitu cha maana, kwa hiyo hilo jibini ndo litakuokoa saa kumi na mbili jioni.

Karatasi. Anayetoka Dar au Nairobi ni viza ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 lazima uionyeshe, hakikisha haijakataa ajali za baiskeli, soma yale maandishi madogo. Pasi iwe karibu, kila nyumba ya wageni inaandikisha wageni kisheria. Ukiwa na baiskeli yako, lile boksi ulilosafirishia kwenye ndege usilitupe, ombea nafasi kwenye hoteli ya usiku wa kwanza wakutunzie na upange kurudi kulala hapo hapo. Sisi tulilitupa, tukaja kuhangaika kutafuta jingine siku moja kabla ya kuruka. Jumapili.