Kabla hujafungulia muziki safarini: amplifaya inayochemka na mambo ya kukagua

Amplifaya ikizima katikati ya msafara wa harusi, lawama zote huangukia amplifaya. Mara nyingi inaonewa. Joto lake hutokana na umeme unaoifikia ukiwa dhaifu au spika zinazovuta kuliko uwezo wake, na yote hayo yanaonekana gari likiwa limepaki nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, siku mbili kabla ya kuelekea Pangani. Huna haja ya kuyagundua kando ya barabara, bibi harusi akiwa ndani anajipepea.

Anza kwa kujua inazima vipi. Taa nyekundu ya protekti (ile inayoonyesha amplifaya imejizima ili kujilinda) ikiwaka baada ya nusu saa ya muziki mkubwa, halafu amplifaya ikapoa na kurudi yenyewe, hilo ni joto. Ikiwaka papo hapo asubuhi, chuma kikiwa cha baridi, usihangaike na feni: waya wa spika umegusa bodi ya gari mahali, au koili ya spika imeungua, au kuna kitu kimekufa ndani. Na kuwa ya moto peke yake si ugonjwa. Amplifaya za klasi AB hugeuza karibu nusu ya umeme zinaoutumia kuwa joto, wakati za klasi D hupoteza sehemu ndogo tu. Ukiweza kuweka kiganja juu yake na kukiacha hapo, iache ifanye kazi.

Kinachoua zaidi ni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme (omu zikiwa chache, inavuta zaidi), na ndicho watu wanachokipuuza. Sabufa nyingi zinazouzwa siku hizi zina koili mbili, na kwa kawaida kila moja ni ya omu 4. Ukifunga sabufa mbili za namna hiyo na fundi akaziunga koili zote nne sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja), jumla inashuka hadi omu 1. Amplifaya ambayo mwisho wake ni omu 2 itapiga, tena itapiga besi ya kukufurahisha, lakini inatoa ampia ambazo haikuundiwa. Kwenye bridji mambo ni yale yale: chaneli mbili zikiendesha sabufa moja, kila chaneli inaona nusu ya omu zake, ndiyo maana amplifaya inayokubali omu 2 kwa kila chaneli huandikwa omu 4 kwenye bridji. Soma maandishi hayo pembeni ya matundu ya spika. Kisha chomoa waya za spika, weka mita kwenye omu, pima ncha zake. Sabufa ya omu 4 itasoma 3 na pointi, hiyo ni kawaida. Ikisoma karibu na 1, na amplifaya yako haikuandikiwa 1, mwambie fundi aunge koili za kila sabufa kwa mfululizo (moja ikifuata nyingine), ambapo kila moja itakuwa omu 8, halafu sabufa mbili sambamba, upate omu 4. Sauti itapungua. Acha ipungue.

Sasa umeme wenyewe. Waya mwekundu hupewa heshima zote, unapitishwa chini ya zulia kwa ustadi. Waya wa ati, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, unabanwa popote penye skrubu. Tanga chumvi ya bahari iko hewani, na gari linalolala Raskazone au linaloshinda kule soko la samaki Deep Sea linaikusanya kila siku. Fungua ile bolti ya ati. Chini ya washa (kile kipete cha chuma cha bolti) utakuta rangi ya gari bado ipo, na nyuzi za shaba zimeota ukungu wa kijani. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kata ncha ya waya uanze na shaba safi, kaza, kisha paka grisi juu yake. Waya wa ati uwe mnene sawa na ule mwekundu, na mfupi, chini ya nusu mita. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Hiyo ina kazi yake.

Waya wenyewe nao ukwangue kwa kisu. Ukitoka mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme pungufu kuliko shaba tupu ya unene uleule. Si dhambi kuutumia, ila uongeze unene.

Pima hivi: injini inaunguruma, besi inapiga, mita kwenye betri halafu kwenye matundu ya amplifaya. Betri ikisoma volti 14 na amplifaya ikapata 12 na kidogo, hizo zilizopotea zinaishia njiani zikiwa joto. Pita na vidole kwenye viungo, hasa kishikio cha fyuzi karibu na betri. Penye moto ndipo penye ubovu. Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi, na usithubutu kufunga uzi wa waya badala yake. Hapo tunazungumzia moto wa kuunguza gari.

Gein si kitufe cha kuongeza sauti, ingawa kila kijana anayeingia kwenye gari lako atakizungusha. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Weka redio robo tatu, ongeza gein taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, rudisha nyuma kidogo, basi. Besi busti iache sifuri.

Mahali ilipofungwa pia hukagui mpaka buti lijae. Amplifaya inataka hewa pembeni na juu, isigeuzwe kichwa chini, na isifungwe juu ya boksi la sabufa ambako mtikisiko hulegeza skrubu na viungo vya ndani vilivyochomelewa kwa risasi. Ukirudi na magunia ya machungwa ya Muheza yakaiegemea, umeiziba. Na miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, buti la gari lililosimama juani linakuwa tanuri kabla hujawasha chochote. Fungua vioo kwanza, endesha kidogo, ndipo upandishe sauti. Feni ndogo ya volti 12 inasaidia, ilimradi ipitie rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme.

Ukimaliza, ijaribu kama itakavyotumika: nusu saa, injini ikiwaka, buti limefungwa, mizigo ndani. Ikizima tena, chomoa spika zote na waya za redio, acha ule mwembamba wa rimoti unaoiamrisha iwake, iwashe ikae dakika 10 bila kazi. Inatakiwa iwe vuguvugu tu. Ikichemka hivyo hivyo, tatizo liko ndani yake, na hapo mtafute fundi wa elektroniki mwenye meza na pasi ya kuchomelea risasi, si yule wa kufunga muziki kwenye magari.