Upo Dar ila moyo uko Bukoba? Jaribu hivi

Kwanza acha kujilaumu, na wale wa "si urudi tu kwenu basi" waache waongee. Mi huu mwaka wa 11 niko Dar, kazi iko hapa, watoto wanasoma hapa, na bado mtu akiniuliza kwetu wapi sisemi Tabata, nasema Bukoba (hapo wenzangu wanaanza na nshomile zao, ule utani kwamba Wahaya tunajisifia kusoma, poa tu tumeshazoea, ila kusoma si kweli tumesoma?).

Sasa kaa chini ujiulize unachomisi ni nini hasa. Ukisema "namisi nyumbani" hiyo ni kubwa mno huwezi kuifanyia kitu, ivunjevunje. Mi niliandika kwenye simu nikakuta ni vitu vinne tu, ndizi, senene (wale panzi wa kuliwa), kuongea Kihaya bila kutafuta maneno, na mvua. Marafiki wa utotoni nilidhani nawamisi kumbe nusu yao wako hukuhuku Dar na hatutafutani.

Ndizi nenda soko la Mabibo asubuhi, uliza kabisa zipi za Bukoba, usibebe mkungu wowote afu uje kulalamika hauna ladha. Menya mwenyewe, paka mafuta mikononi kwanza maana ule utomvu ukikauka utaenda nao kazini. Pika na maharage, na ukipata majani ya mgomba funikia hayohayo, bila majani zinaiva vizuri tu lakini ile harufu ya jikoni kwa mama hauipati, na mimi nlikuwa natafuta harufu.

Senene msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, so ongea na mtu wako mapema kabla bei haijapanda, na mwambie akutumie waliokaangwa wakakauka, sio wabichi, hiyo safari ni zaidi ya kilomita 1,400 utapokea uvundo. Mwanangu mkubwa alikataa kabisa kula, mdogo nilimkuta kajificha na kopo.

Kihaya ni simu. Ila sio zile simu za "hamjambo, nimetuma kidogo", piga bila sababu, uliza ng'ombe, uliza nani kagombana na nani, hapo ndo lugha inarudi. Na chama cha watu wa nyumbani kama upo kwenye michango, siku moja moja nenda ukakae nao hata kama hakuna aliyekufa.

Mvua ndo haitumwi na basi. Kule kwa mwaka zinanyesha kama milimita 2,000, Dar ni kama nusu yake, na hiyo nusu ikija kwa pamoja Jangwani hapapitiki. Kwa hilo kata tiketi tu. Kosa langu mimi kwa miaka minne mfululizo nilikuwa naenda kwenye misiba tu, nafika usiku, tunazika, nageuza, mpaka nyumbani kwetu nikikukumbuka naona turubai na viti vya kukodi. Omba likizo wakati hakuna shida yoyote, walau siku kumi maana barabarani zinaliwa za kutosha, na kama una nafasi pitia Mwanza upande meli, inaondoka usiku unaamka asubuhi mnaingia Bukoba na kaubaridi kale. Ukifika usikae sebuleni kama mgeni, ingia shambani, afu mvua ikianza kupiga bati lala.

Ukirudi Dar sasa, tafuta sehemu moja tu ambayo usipoonekana wanauliza. Mi yangu ni kwa mzee wa kahawa pale kona, nilivyorudi juzi akanigombeza nilipotelea wapi, nikamletea kahawa yetu ya kutafuna, akaigeuzageuza mkononi weee, mwisho akaniuliza, "Hii Mhaya naichemsha kwa muda gani?"