Kaseva ka giga 4: ipe databesi memori bila kuinyima PHP

Kama uko na tovuti ya duka la vipuri hapo Nakuru ama ya shule huku Kisumu, na Nginx (inayopokea wageni wa tovuti), PHP na MariaDB (databesi) zote ziko kwa seva moja, achana na ule ushauri wa kupea databesi asilimia 70 au 80 ya RAM. Huo ni wa seva ya databesi peke yake. Ukiufuata kwa kaseva kako, siku wazazi wote wanafungua matokeo RAM inaisha, keneli, yaani kiini cha Linux, inatafuta nani anakula sana imuue, na mara nyingi huwa ni databesi yenyewe.

Anza na PHP. Angalia kwa `top` mchakato mmoja wa PHP-FPM (ndiyo huendesha PHP) unakula ngapi, zidisha na `pm.max_children`, yaani idadi ya juu ya hiyo michakato. Kama ni MB 60 mara 20, tayari giga 1.2 imeenda, achia Linux kama nusu giga, sasa ndio unajua databesi inapigania nini.

Halafu pima databesi ni kubwa aje:

`SELECT SUM(data_length+index_length)/1024/1024 FROM information_schema.tables;`

Ikileta MB 300, bafa (`innodb_buffer_pool_size`, RAM yenye databesi huwekea data isisome diski kila mara) ya 512M inatosha kabisa, giga 2 ni ya kujionyesha tu. Ikiwa ni giga kadhaa, weka 1G. Usiiache tu kwa ile 128M inakuja nayo.

Sasa hapa ndio watu huumia. Bafa kubwa ni moja, lakini `sort_buffer_size` na `join_buffer_size` huchukuliwa na kila konekshoni ikizihitaji, so mtu anaweka 64M akidhani anaongeza spidi, konekshoni 100 zikiingia pamoja hizo ni giga 6.4 kwa mashine ya giga 4! Usiziguse. Punguza `max_connections`, ambayo huja ikiwa 151. Cheki `SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Max_used_connections';` na kama haijawahi pita 22, weka 40.

Kwa Debian na Ubuntu faili ni `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`, chini ya `[mysqld]`:

`innodb_buffer_pool_size = 1G`
`max_connections = 40`

Na kama unatumia MySQL 8, usikopi `query_cache_size` kutoka kwa maelezo ya kitambo, ilitolewa, seva itakataa kuwaka.

Ristati usiku wateja wakilala, kisha iache siku nzima ya kazi kabla ya kuhukumu, manake bafa huchukua muda kujaa. Baadaye, kwa `SHOW GLOBAL STATUS`, linganisha `Innodb_buffer_pool_reads` na `Innodb_buffer_pool_read_requests`: hiyo ya kwanza, yenye inaenda hadi diski, inafaa iwe kidogo sana. Pia `vmstat 1`, `si` na `so` (data inayoingia na kutoka swap, ile diski inayotumika RAM ikiisha) zikae sifuri. Zikiruka ruka, punguza `pm.max_children` kwanza. Zikitulia na tovuti bado inakokota, washa `slow_query_log` (inaandika kwiri za polepole) utafute kwiri yenye haina indeksi, hiyo RAM haiwezi kuitibu.